Kondoo Aliowaacha Tumina

Mama mdogo Tumina ukimwuliza kwao ni wapi atakwambia Yaxvits, ingawa miaka aliyoishi mjini Jovel imeshaipita ile aliyoishi kijijini. Yeye ni mdogo wake mama yangu, Katal, na walizaliwa hao wawili tu. Alipoondoka Yaxvits mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo mengi ya mwanzo nimeyapata kwao wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake na kwa kinywa chake.

Kijijini kondoo ni wa wanawake. Mwanamume ana shamba lake la mahindi, mwanamke ana zizi. Kondoo haliwi, wala hachinjwi. Anapewa jina, anaombewa siku ya San Juan, mtakatifu wa kondoo, na sketi nyeusi ya sufu aliyovaa mtu imetoka mgongoni mwa mnyama anayemfahamu tabia. Tumina alianza na jike mmoja aliyepewa na bibi, na alipoolewa na Xalik alikuwa na kundi la kuonewa wivu. Alikuwapo Usiku, mweusi tii, ambaye manyoya yake hayakuhitaji kuchemshwa na matope ili yashike rangi. Alikuwapo Mjane, aliyependa kula peke yake pembeni. Alikuwapo na Sikio, aliyeng'atwa na mbwa akiwa mdogo akabaki na sikio moja zima na jingine nusu. Mama anasema ilikuwa ukimtaka Tumina usiende jikoni, nenda zizini, utamkuta amechuchumaa anamtoa mmoja wao miiba kwenye mkia.

Xalik alikuwa mnywaji. Si kwamba wengine hawakunywa, maana kwenye sherehe za watakatifu kikombe kinapitishwa na kukikataa ni utovu wa adabu. Lakini wengine walikunywa wakati wa sherehe, Xalik akanywa na baada yake. Kisha binti yao, Lusya, akapata homa iliyokuwa inampanda na kumkunja vidole. Waliita mganga. Mishumaa ikawashwa chini juu ya majani ya msonobari, kuku akapitishwa juu ya mwili wa mtoto, dua zikasomwa, na kikombe kikazunguka. Mtoto akapoa, homa ikarudi. Wakaanza tena. Mara ya tatu Xalik alilewa kabla dua haijaisha, akaangukia mishumaa.

Ndipo wakaja watu wa nyimbo, ndivyo walivyoitwa walioacha watakatifu wakashika Injili, kutoka kijiji cha jirani, mke na mume, wakakaa kando ya mtoto wakaimba kwa lugha yetu, polepole, mpaka akalala. Hawakutaka kikombe. Lusya alipona. Huenda angepona vyovyote, mama yangu husema hivyo, na Tumina hambishii. Lililomshika Tumina halikuwa homa ya mtoto. Lilikuwa ni kwamba Xalik alikwenda kuwasikiliza watu wale Jumapili moja, akarudi akakaa mlangoni, akamwambia, "Sinywi tena," na kweli hakunywa.

Mtu asiyekunywa hawezi kushika zamu ya mtakatifu, yaani mwaka wa kumtunza na kuandaa sherehe yake. Asiyeshika zamu hachangii sherehe. Habari zikafika kwa wakubwa wa kijiji. Waliitwa mara moja wakaonywa, wakaitwa tena, na mara ya mwisho hawakuitwa bali walifuatwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, wanaume wengi barabarani na lori limesimama. Familia zote za watu wa nyimbo zilitakiwa kupanda. Mmoja wa wakubwa, mtu ambaye hata leo Tumina hamtaji kwa ubaya, alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetangaza siku ya kazi ya barabara, kwamba aliyeacha mishumaa ameacha kuwa mtu wa kweli. Watu wa kweli ndilo jina tunalojiita sisi kwa lugha yetu.

Tumina akamwuliza, "Na hii sketi niliyovaa ni ya nani? Na maneno haya ninayokujibu ni ya nani?"

Akaomba jambo moja, aruhusiwe kuwafikisha kondoo kwa dada yake, kwa kuwa hawakuwa wamekula. Wakamruhusu. Akafungua zizi akawaswaga njia ya mtoni, wanaume na lori wakimsubiri. Mama yangu alikuwa anasaga mahindi aliposikia kengele ya Mjane.

Katal akasema, "Waache hapa. Nitakutunzia mpaka mtakaporudi."

Hayo ndiyo waliyoagana. Kila mmoja alidhani ni mpaka mavuno tu.

Jovel waliwekwa pamoja na wenzao kwenye mteremko wa kaskazini, nyumba za mbao na bati, zimeshikamana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka. Xalik akapata kazi ya kubeba mizigo, kisha akawa na kigari chake. Tumina akauza kabichi na vitunguu sokoni. Kanisa likajengwa, na spika juu ya paa. Watu walishika maisha yao mapya kwa mikono miwili. Hapakuwa na walevi, watoto walikwenda shule, na Lusya akakua mzima akaolewa mtaa uleule. Tumina hakuwahi kusema kwamba walikosea. Ila hapakuwa na majani. Kutoka mlangoni kwake hadi barabara kubwa hapakuwa na mahali ambapo kondoo hata mmoja angeweza kushusha kichwa akala.

Wanawake wengine walianza kuvaa sketi za kitambaa cha dukani, ni nyepesi na hukauka haraka. Tumina aliendelea na ya sufu. Alinunua manyoya sokoni na akayafuma, lakini alisema ni kama kulea mtoto aliyeokotwa, unampenda, ila hujui amekuja na mambo gani.

Kanisani kiongozi wao aliitwa mchungaji, na waumini kondoo. Alikuwa kijana mpole aliyezaliwa mjini na kusomea mjini. Siku moja alihubiri juu ya mchungaji anayewatangulia kondoo wake nao wakamfuata kwa furaha. Walipotoka, Tumina akamwambia Xalik, "Mtoto wa watu ana moyo mzuri, lakini akitangulia hivyo na kundi la kweli, akigeuka nyuma atakuta wamebaki kwenye kabichi za jirani. Kondoo unakaa nyuma yake."

Xalik akacheka. "Mwambie basi."

"Nimwambie mchungaji kuchunga?"

Baada ya miaka kadhaa ndipo alipomwona dada yake. Katal alikuwa ameshuka sokoni pamoja na wanawake wa Yaxvits kununua kamba na chumvi. Tumina alimwona kabla hajaonwa. Akaacha kabichi zake akamwendea, na alipomfikia akainamisha kichwa, kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa, ili dada yake amguse paji la uso kwa mgongo wa mkono. Wenzake Katal walikuwa wamesimama wanatazama. Wakati ule aliyezungumza na waliofukuzwa naye aliulizwa kijijini, na sisi watoto wake tulikuwa wadogo, na baba alikuwa anashika zamu mwaka ule. Katal akapita. Tumina akabaki ameinama mbele ya kitu ambacho hakipo, mpaka mwenye duka la kamba akamwuliza kama amepoteza sarafu yake.

Hili nimelisikia kwa wote wawili. Tumina husimulia haraka, kama mtu anayevuka maji ya baridi. Mama alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunamenya mahindi, na mikono yake haikusimama, lakini hakumaliza.

Nilipoolewa, mume wangu alipata kazi Jovel tukahamia huko. Kufikia hapo mambo yalikuwa yameanza kulegea. Hakuna aliyenikataza kwenda kwa mama mdogo, na sikuomba ruhusa. Siku ya kwanza alinikaribisha na uji wa mahindi, akanitazama usoni muda mrefu. Hakuuliza habari za mama. Aliuliza, "Usiku alikufa lini?"

Nikamwambia sikumjua Usiku, ila kulikuwa na jike mweusi tii aliyeitwa Usiku wa Pili, na ana watoto. Akaniambia nieleze wote, mmoja mmoja. Nilikuwa mchungaji wao tangu utoto, niliwajua. Aliuliza nani ana pembe, nani huzaa mapacha, zizi huhamishwa shambani kila baada ya muda gani ili mbolea ienee. Nilipomwambia mama bado huwaita "wa mdogo wangu" na hachanganyi manyoya yao na ya kundi lake, aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuwa umezimika.

Sasa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Maryamu. Zamani Maryamu aliitwa Markita, naye alifukuzwa kijiji kingine kwa sababu zilezile za nyimbo. Baadaye yeye na mumewe, pamoja na jamaa kadhaa mtaani, waliingia Uislamu, wakajenga msikiti wao mdogo wa mbao. Alijifunga mtandio kichwani, na chini yake akabaki na sketi yake ya sufu. Walipendana sana na Tumina na hawakuacha kutaniana.

Mwaka mmoja, Idi ya kuchinja inakaribia, mume wa Maryamu alileta kondoo akamfunga uani. Tumina alikuwa ndani anachambua maharage. Kondoo akalia. Nilikuwepo, nilimwona. Bakuli lilimtoka mkononi, maharage yakasambaa, naye akatoka bila kuvaa viatu.

Alikuwa dume wa kijivu mwenye uso mweusi, amechoka safari, amejaa miiba. Tumina akapiga magoti akaanza kumchambua. Maryamu akatoka na ndoo ya maji, akasimama.

"Mwenzangu, huyo ni wa Idi," akasema taratibu.

"Najua ni wa Idi. Kwa hiyo akae na miiba?"

Kwa siku zote zilizobaki, Tumina ndiye aliyemlisha. Alifika sokoni alfajiri akaokota majani ya kabichi na maganda ya mahindi. Jioni alimpeleka kwa kamba hadi kwenye mfereji wa barabara kubwa, palipoota nyasi kidogo, akasimama nyuma yake, magari yakipita. Watu wa kanisani walimwona. Mmoja akamwuliza kama naye sasa anaswali. Akajibu kwamba anachunga tu, kuswali ataswali kondoo mwenyewe.

Xalik alianza kuingiwa na wasiwasi, si kwa ajili ya majirani, bali kwa ajili ya mkewe. Akamwambia, "Utaumia, mama Lusya. Siku zake zinahesabika."

"Zangu hazihesabiki?"

Siku moja walikaa uani, yeye na Maryamu, kondoo katikati. Tumina akasema, "Hebu ona. Kijijini kondoo ana San Juan wa kumlinda. Kanisani kwetu anaimbwa. Kwenu analiwa. Angeulizwa mwenyewe, angerudi kijijini kesho."

Maryamu akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Kisha akasema, "Na sisi tungeulizwa?"

Maryamu naye aliacha kundi lake kijijini alipofukuzwa.

Asubuhi ya Idi Tumina hakujificha. Alisimama mlangoni. Anasema aliona walivyomlaza kwa upole, wakamfunika macho, wakalitaja jina la Mungu, na kwamba alitegemea kuona ukatili ili apate wa kumkasirikia, hakuuona. Maryamu alimletea sahani ya nyama, kama wanavyowapelekea majirani wote. Tumina alipokea kwa mikono miwili, akampa mjukuu aipeleke kwa Lusya, kwa kuwa yeye hawezi kuila, na Maryamu alijua hawezi, lakini kutompelekea ingekuwa vibaya zaidi. Kisha Maryamu akarudi na ngozi, imekunjwa.

"Manyoya ni yako," akasema. "Nani mwingine atayajua?"

Aliyafua kwa mizizi inayotoa povu, akayaanika juu ya bati, akayachana kwa vibao vya meno ya waya, akayasokota kwa kijiti kinachozunguka ndani ya kibuyu. Nilikwenda kwake mara nyingi siku hizo. Nyumba ilinuka mafuta ya sufu, harufu ya nyumbani kwetu, hata Lusya, aliyeondoka kijijini akiwa mdogo asiyekumbuka kitu, aliingia akasimama akasema, "Hii harufu naijua." Madonge mengine ya uzi alimpa Maryamu. Yaliyobaki aliyatia rangi, akaegemeza mgongo kwenye mkanda wa mtambo wa kufumia, akafuma sketi. Nadhani hakuwahi kufuma vizuri kama vile, na pia sikuwahi kumwona na majonzi kama yale, maana alipokuwa na kazi mikononi alionekana kama mtu anayezungumza na walio mbali.

Mwaka uliofuata Xalik alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa makaburi ya chini, kanisa zima likimwimbia. Tumina alivaa sketi ile.

Ilipofika siku ya wafu, Novemba, ambapo kijijini familia huenda makaburini na chakula, aliniambia, "Nipeleke kwa mama yangu." Watu wa nyimbo hawaiadhimishi siku hiyo. Nikamwuliza kama mchungaji wake atakubali. Akasema hajamwuliza, kwa kuwa haendi kuomba, anaenda kuamkia.

Tulipanda Yaxvits asubuhi, ukungu bado uko kwenye misonobari. Makaburini walijaa watu, wakisambaza majani mabichi ya msonobari na maua ya njano. Baadhi walimtambua. Mzee mmoja alimwitikia salamu. Wakubwa waliokuwepo zama zile wengi wao walikuwa hapo pia, lakini chini ya vilima vya udongo.

Mama yangu alikuwa amekaa kando ya kaburi la bibi, mama yao, amepanga machungwa na maharage yaliyofungwa kwenye majani. Alimwona Tumina akija. Hakusimama. Alisogea tu, akamwachia nafasi kwenye mkeka. Tumina akakaa. Wakala chungwa moja, wakigawana. Halafu mama akashika pindo la sketi ya mdogo wake akalisugua katikati ya vidole.

"Sufu ya nani hii?"

"Ya kondoo wa jirani."

"Aliitwa nani?"

"Sikumpa jina."

Mama akatikisa kichwa, kama anayesikia msiba.

Baada ya hapo walikwenda zizini. Mimi nilibaki nyuma kukusanya vyombo, na nilipofika nilimkuta mama mdogo amesimama katikati ya kundi, mikono imening'inia, hajui amshike nani kwanza. Kondoo hawakumjua, wangemjuaje. Walimnusa wakaendelea kula. Mama akamwonyesha, "Hawa wako. Wale kule wangu. Hawa tangu pale hadi pale ni wako, na wana wao."

Jioni, jikoni, mama alisema alilokuwa amelitunza. Alikuwa amezungumza na wakubwa wa sasa juu ya mdogo wake kurudi. Mwanamke mjane hana neno, walisema. Atatoa mchango wa sherehe kama wote, atawasha mshumaa siku ya San Juan, hakuna atakayemwuliza mengine.

"Hakuna atakayekuuliza moyoni una nani," mama akasema.

"Mimi ningejiuliza, dada."

"Mshumaa ni nta tu."

"Ungekuwa nta tu wasingetupandisha lori." Tumina alikuwa anatazama moto. "Xalik aliacha kunywa. Mpaka tunamzika sikumwona tena amelewa. Aliyemwachisha siwezi kumgeuzia mgongo kwa ajili ya kondoo."

"Sikusema kwa ajili ya kondoo," mama akasema. "Nasema kwa ajili yangu. Siku ile sokoni sikukugusa. Nimekuwa nikitaka urudi ili uniamkie nikuguse kila asubuhi mpaka tuchoke."

Tumina alilia hapo. Mama pia. Mimi nilitoka nje kuangalia maji, ingawa hapakuwa na maji ya kuangalia.

Alikaa siku chache. Alichunga. Kila asubuhi alitoka nao mlimani akarudi jua likizama, uso umechomwa na upepo, na akala chakula kingi kuliko nilivyowahi kumwona akila Jovel. Jumapili aliimba peke yake huko juu, mama alimsikia kutoka shambani akaendelea kulima. Ilipofika siku ya kuondoka hakuaga kondoo. Alimwambia mama asiwatenganishe tena makundi, ni shida bure, awachanganye.

"Nitachanganya," mama akajibu, lakini hajachanganya, nimeona mwenyewe.

Tulisindikizwa hadi barabarani. Ukungu ulikuwa umetanda na gari lilikawia. Wale wawili walikaa juu ya jiwe, wamefunikwa shali moja.

Mama akauliza, "Ukifa utazikwa wapi?"

"Huko chini. Kando ya Xalik."

"Basi tutakuwa mbali."

"Si tumeshakuwa mbali siku zote hizi?"

"Ndiyo," mama akasema. "Lakini nilidhani ni mpaka mavuno."

Tumina alimvutia dada yake upande mkubwa wa shali, na tukaendelea kusubiri gari.